Mashine ya Geneva, Nyiragongo, na dada anayekataa matibabu

*"Mwalimu, niko mama wa watoto wanne, tunaishi Majengo hapa Goma. Binti yangu wa sekondari aliniletea video ya WhatsApp. Mtu anaeleza kwa sauti nzito kwamba chini ya ardhi kule Uswisi kuna mashine ya kugonganisha atomu, na kila wakiiwasha dunia inatikisika. Anasema ndiyo iliyopasua Nyiragongo, mlima wetu wa moto, mwaka 2021, na sasa wanaiongezea nguvu mpaka itatoboa shimo jeusi litakalotumeza wote. Tangu siku ile binti halali vizuri, lori likipita anaruka. Kanisani nako wameizungumzia. Ningenyamaza, lakini dada yangu wa Bukavu ana kansa ya mlango wa kizazi, na daktari amemwandikia aende nje kupigwa mionzi kwa mashine wanayoiita akselerateri. Ameona video hiyohiyo. Anasema haendi, heri afe na ugonjwa wake. Ukweli ni upi, na nimwambie nini?"*

Mama, naanza na dada yako, kwa sababu shimo jeusi linaweza kungoja lakini kansa ya mlango wa kizazi haingoji.

Mashine atakayolala chini yake na ile ya Geneva ni za ukoo mmoja kweli. Hapo video haikudanganya. Zote mbili hukamata chembe zenye umeme na kuzisukuma kwa nguvu ya umeme mpaka zikimbie sana. Ila ukoo huo ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Kama nyumbani kwenu mliwahi kuwa na televisheni ile nene ya zamani, yenye mgongo mkubwa, basi mlikuwa na kiongeza kasi cha chembe, yaani akselerateri, sebuleni: nyuma ya kioo elektroni zilisukumwa kwa volti elfu ishirini na kitu, zikagonga kioo kwa ndani, ndipo picha ikaonekana. Watoto waliangalia mpira mbele yake miaka na miaka.

Ya hospitali ina nguvu kuliko hiyo, kati ya volti milioni 6 na milioni 18. Inasukuma elektroni katika bomba fupi, zinagonga kipande cha chuma kigumu kiitwacho tungsteni, na hapo inatoka miale ya X, ya jamii ileile wanayotumia kupiga radio (picha) ya kifua, ila yenye uwezo wa kufika ndani kwenye uvimbe. Miale hiyo inakata nyuzi za urithi ndani ya seli. Seli zenye afya hujirekebisha vizuri zaidi, za kansa hushindwa, na ndiyo maana dozi inagawanywa vipande vidogo vidogo, kwa kawaida siku tano kwa juma, kwa majuma matano hivi. Fundi akizima, miale imekwisha. Hakuna kinachobaki mwilini. Dada yako akitoka pale anaweza kumpakata mtoto mchanga siku hiyohiyo.

Kwa kansa ya aina yake, mara nyingi wanaongeza tiba ya ndani: kidonge kidogo chenye mionzi kinaingizwa karibu kabisa na uvimbe kupitia mrija, kinakaa dakika chache, kinatolewa. Amwulize daktari kama ataihitaji, maana nimeona akina mama wakiambiwa jambo hilo wakiwa tayari kitandani, wakashtuka.

Sitamdanganya kwamba ni matembezi. Atachoka. Anaweza kuharisha, ngozi inaweza kuwaka, mkojo unaweza kumchoma. Kama bado anapata siku zake, zinaweza kukoma, na uwezo wa kuzaa ukaondoka. Hayo ndiyo madhara ya kweli, na yanastahili kikao kirefu na daktari kuliko shimo jeusi. Mashine za namna hii zipo Kigali na Kampala. Kwa hiyo mambo ya kuhangaikia ni nauli, karatasi za mpakani, mahali pa kulala kwa zaidi ya mwezi, na nani atakaa na watoto. Ugonjwa ukiwa mwanzoni kabisa, upasuaji peke yake unaweza kutosha. Aulize waziwazi yuko hatua ya ngapi. Ukiwa umeenea kuzunguka mlango wa kizazi, mionzi pamoja na dawa za kemo ndiyo tiba yenyewe, na sijui majani yoyote yanayoshika nafasi yake. Maombi hayagombani na mionzi. Aende na vyote viwili. Na akianza kutoka damu nyingi, asingoje miadi, afike hospitali siku hiyohiyo.

Sasa twende Geneva.

Mashine inayosemwa inaitwa LHC. Ni ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoanzishwa mwaka 1954, na imo ndani ya handaki la mviringo lenye kilomita 27, wastani wa mita 100 chini ya ardhi, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Iliwashwa mara ya kwanza tarehe 10 Septemba 2008. Mwaka 2012 ndipo walipotangaza wameiona chembe ya Higgs waliyoitafuta karibu nusu karne.

Kabla ya kueleza fizikia yoyote, tazameni kalenda, wewe na binti. Nyiragongo ilipasuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Siku hiyo LHC ilikuwa imezimwa. Ilisimamishwa Desemba 2018 kwa matengenezo marefu, haikupitisha hata protoni moja (ndizo chembe inazozigonganisha) mpaka Oktoba 2021 walipoijaribu kidogo, na kazi kamili ikarudi mwaka 2022. Wakati tunakimbilia Sake na Gisenyi na magodoro kichwani, mle handakini walikuwa mafundi na vyombo vyao vya kazi. Rudi nyuma tena. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. LHC ilikuwa bado haijajengwa, na mashine iliyotangulia katika handaki hilo ilikuwa imezimwa tangu mwishoni mwa 2000. Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipomwaga ziwa lake la moto, hata handaki lenyewe halikuwepo. Lilianza kuchimbwa miaka ya themanini. Mshitakiwa hakuwepo mahali pa tukio mara zote tatu.

Kwa nini basi hata ikiwa imewashwa haiwezi kutufikia? Watu husikia "nguvu kubwa kuliko zote duniani" na kufikiria baruti. Nguvu hiyo ni kubwa kwa chembe moja, na chembe moja ni kitu kidogo kupita akili. Protoni mbili zikigongana pale LHC zinatoa teraelektronivolti 13.6. Jina linatisha, lakini teraelektronivolti moja ni sawa na nguvu ya mbu mmoja anayeruka. Mgongano mzima basi ni mbu kumi na watatu na kitu. Ajabu yake ni kwamba nguvu ya mbu hao imebanwa mahali padogo kuliko atomu. Ndiyo maana wanafizikia wanaona humo vitu visivyoonekana kwingine.

Utaniuliza: lakini protoni ni nyingi. Ni kweli, na hapa lazima nikupe hesabu yote. Mwale mmoja uliojaa, yaani kundi zima la protoni zinazozunguka pamoja, unabeba jouli (kipimo cha nishati) zipatazo milioni 360. Ukimwagika vibaya unayeyusha chuma, ndiyo maana mwishoni wanauelekeza kwenye gogo refu la grafiti lililotengenezwa kuupokea, kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na gogo linapata joto tu. Sasa linganisha: tetemeko la kipimo cha 5, la aina iliyopasua kuta zetu juma lile la Mei, linatoa jouli zipatazo trilioni mbili. Ungehitaji maelfu ya miale ya LHC, yote ikigeuka mtikisiko bila kupotea hata kidogo, ili kupata tetemeko moja. Na tulihesabu matetemeko kwa mamia. Tena kutoka Geneva mpaka hapa ni karibu kilomita elfu sita za mwamba.

Uzito wa protoni zote zilizomo katika mwale mmoja hata haufiki sehemu moja ya bilioni ya gramu. Ni hidrojeni, iliyo ndani ya maji unayokunywa. Hakuna urani humo. Nasema hivyo makusudi, maana sisi Wakongo tuna sababu ya kushtuka tukisikia "atomu" na "wazungu" katika sentensi moja. Urani ya Shinkolobwe, kule Katanga, iliingia katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945, na waliochimba hawakuambiwa wanachimba nini. Anayeshuku hana ujinga, ana kumbukumbu. Lakini bomu lile linakwenda kwa moto unaojiwasha wenyewe: kiini kimoja kikipasuka kinapasua vingine, na hivyo vingine, mpaka mji umekwisha. Protoni za LHC hazina mnyororo huo. Mbili zinagongana, vipande vinaruka, mwisho. Umeme ukikatika, na sisi tunaujua umeme wa kukatika, mashine imesimama.

Kuna kitu kimoja video imekigeuza kichwa chini, na ndicho ninachopenda zaidi katika habari hii yote. Ardhi ndiyo inayoisumbua mashine. Miaka ya tisini wataalamu wa CERN waliona hesabu za mashine ya zamani zinapanda na kushuka bila sababu. Walipochunguza wakakuta ni mwezi: uvutano wake unaonyanyua maji ya bahari unanyanyua pia ukoko wa dunia, na pete ya kilomita 27 ilikuwa ikirefuka na kufupika kwa kama milimita moja. Novemba 2016 tetemeko kubwa la New Zealand lilionekana kwenye vipimo vya LHC, upande wa pili wa dunia. Na Aprili mwaka huohuo mashine nzima ilizimika kwa sababu mnyama mdogo wa jamii ya kicheche aliingia kwenye transfoma. Chombo kinachoangushwa na kicheche hakiamshi Nyiragongo.

Hatari za kweli zipo, na zinakaa humohumo ndani. Siku tisa tu baada ya kuwashwa 2008, kiunganishi kimoja cha umeme kati ya sumaku kilishindwa, gesi ya heli yenye baridi kali ikalipuka nje kwa tani, sumaku zaidi ya 50 zikaharibika, na kazi ikasimama zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna aliyeumia kwa sababu hakuna mtu anayeruhusiwa handakini mashine ikifanya kazi. Pale pana mionzi, pana baridi inayoua, na gesi inayoweza kukukosesha hewa. Kuna pia ubishi halali kuhusu pesa na umeme unaotumika, na wapo wanaofikiria pete mpya ya kilomita 91. Mtu akiniambia fedha hizo zingejenga hospitali, nitakaa naye tubishane vizuri. Kuhusu kuongezewa nguvu: mradi wa sasa unalenga kuongeza wingi wa migongano; nguvu ya kila mgongano itabaki karibu palepale.

Shimo jeusi nalo, yaani kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki. Hofu hii haikuzuliwa na wajinga. Ilitoka kwa wanafizikia wenyewe. Kwa uvutano tunaoujua, ule wa Einstein, LHC haina nguvu ya kutengeneza shimo jeusi, imepungukiwa mbali sana. Wachache walikisia kwamba kama ulimwengu una pande nyingine zilizojificha, labda vishimo vidogo mno vingeweza kutokea. Wengine wakauliza: vikitokea je? Mwaka 2008 watu wawili walifungua kesi Marekani, kule Hawaii, wakitaka mashine izuiwe, mahakama ikaitupa. CERN walikwisha kukusanya wataalamu kuchunguza jambo hilo, wakatoa ripoti 2003, kisha nyingine 2008.

Jibu lao zito halitegemei nadharia ya mtu yeyote. Linatazama juu. Mbingu zinatupiga kwa chembe za aina hii tangu dunia iwepo. Wakati unasoma sentensi hii, chembe ziitwazo muoni, zilizozaliwa protoni za angani zilipogonga hewa juu yetu, zinapita katika kiganja chako, kama mia moja kila dakika, na hapa kwenye mwinuko wa Goma ni zaidi kidogo kuliko Dar es Salaam. Nyingi ni za kawaida, lakini baadhi ya protoni hizo za angani ni za kutisha. Mwaka 1991, huko Utah, Marekani, ilipimwa chembe moja yenye jouli 50. Ukihesabu kwa haki nguvu inayopatikana kwenye mgongano wenyewe, ilizidi ile ya LHC mara zaidi ya hamsini. Wachunguzi wa 2008 walikadiria kwamba dunia yetu peke yake imekwisha kupitia majaribio yote ya LHC mara laki moja hivi, bila bango wala video. Na bado tuko.

Binti akiwa mjanja atapinga: lakini zile za angani zinakuja mbio, na kishimo kinachozaliwa hivyo kingepita moja kwa moja katika dunia na kutokea upande wa pili, wakati kile cha LHC kinaweza kubaki. Hoja nzuri, na ilijibiwa. Kuna nyota zilizokufa zenye msongamano mkubwa ajabu, ambazo zingekinasa kishimo chochote kinachopita ndani yake. Zinapigwa na chembe hizohizo kwa mabilioni ya miaka. Kama vishimo vingekuwa vinameza, nyota hizo zisingekuwepo, na sisi tunaziona kwa darubini.

Mtu wa video alisema pia mwanasayansi mmoja "amekubali haiwezekani kusema asilimia sifuri". Huenda ni kweli. Sisi watu wa fizikia tuna tabia hiyo mbaya. Ukiniuliza kama nina hakika kabisa kwamba mbuzi wako hatazaa tembo kesho, nitasitasita kabla ya kukujibu. Usifunge virago kwa sababu ya kusitasita kwangu. Na ile sanamu ya mungu anayecheza wanayoionyesha ni Shiva, zawadi ya India kwa CERN ya mwaka 2004, imesimama hadharani pale. Mchungaji akitaka kuihubiri ahubiri, lakini haina waya uliounganishwa na kitu.

Nadhani video ilipata mahali pa kuingia kwa sababu nyingine. Mwaka 2021 mlima haukutuonya. Uji wa moto ulikuwa umekwisha kupanda karibu sana na juu, na dalili za kwanza kwenye vipimo zilionekana chini ya saa moja kabla. Kisha, lava ilipokuwa imekwisha kusimama Buhene, uji mwingine ukapita chini ya mji mpaka chini ya ziwa, ukitupasulia kuta siku baada ya siku. Tarehe 27 Mei kartiye (mitaa) kumi ziliamriwa kuondoka, na Majengo yenu ilikuwa mojawapo. Sababu ya yote hayo iko chini ya miguu yetu: Afrika inapasuka polepole kwenye bonde hili la ufa, na Nyiragongo ina lava nyepesi inayokimbia kuliko ya milima mingi. Hakuna mtu aliyeiwasha.

Kwa hiyo hofu ya binti ina mahali pake pa kweli, na ningependa mumsaidie kuipeleka huko. Ajue rangi nne za tahadhari za OVG, kituo cha Goma kinachochunguza milima ya moto, na ajue njia ambayo familia itapita. Mkubaliane mtakutana wapi simu zikigoma. Ajue mazuku, hasa mkienda upande wa Lac Vert au Bulengo: gesi nzito isiyo na harufu inajaa kwenye mabonde, zaidi asubuhi kusipokuwa na upepo, na mtu akiona mbuzi amelala chini asishuke kumtoa. Nyumba yenu ikiwa na nyufa tangu mwaka ule zinazopanuka, au nguzo imeachana na ukuta, mwite fundi wa ujenzi anayejua kazi aje aitazame kwa macho. Mimi siwezi kuipima kwa barua.

Na usingizi wake. Alikuwa mdogo tulipokimbia usiku ule, na tangu hapo Goma haijamwacha mtoto yeyote apumzike. Mtoto anayeruka lori likipita huenda haogopi Geneva hata kidogo. Keti naye, mhesabu zile tarehe tatu pamoja, mwache apinge. Video hiyo iondoke kwenye simu, na usimcheke. Kama baada ya majuma mawili matatu bado halali, hataki kula, anaota mlima, au ameanza kukwepa shule, mpeleke kwenye kituo cha afya, ueleze kilichotokea tangu 2021 na siyo habari ya video peke yake, na uombe akutane na mwanasaikolojia. Akianza kusema hataki kuishi, mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.